Msaidizi wa vikao aliyemwamsha bosi saa tisa usiku

Nianze na nyota: moja. Ningetoa sifuri, ila ukurasa wa tathmini unakataa kutuma mpaka uwashe walau moja, na hilo peke yake linatosha kukuonyesha nashughulika na watu wa namna gani. Jina lao silitaji. Kwanza sitaki kesi, pili wiki ijayo huenda wakawa wamelibadilisha ili liendane na upepo unaovuma. Wenzao walishafanya. Desemba 2017 kampuni ya Marekani iliyokuwa ikiuza chai ya kwenye chupa, Long Island Iced Tea, ilijibatiza Long Blockchain, kwa jina la teknolojia ya sarafu za kidijitali iliyokuwa ikivuma wakati huo, na bei ya hisa zake ikapanda karibu mara tatu kwa siku moja. Chai ilibaki kuwa chai.

Hii ya kwangu ni programu ya vikao. Unaialika kwenye kikao cha mtandaoni, inakaa kimya pembeni kama mgeni ambaye hakuna aliyemtambulisha, inasikiliza, halafu inaandika muhtasari, inagawa majukumu na kupanga kikao kijacho kwenye kalenda za watu wote. Mengine someni kwenye tangazo lao, wameyaandika kwa herufi kubwa. Mimi kilichoninasa ni sentensi moja tu: kwamba inaelewa Kiswahili kama mzawa. Moyo ukalainika. Miaka yote tumebembelezana na simu kwa Kiingereza, leo kimekuja kitu cha kutusikiliza kwa lugha yetu. Akili bandia, akili mnemba, akili unde, sijui tuiiteje, maana jina lenyewe hatujakubaliana na tayari tumeambiwa inakuja kuchukua kazi zetu.

Kazi yangu ilikuwa kuandika muhtasari wa vikao. Ichukue, nikasema. Ichukue leo hii.

Dalili zilikuwepo tangu mwanzo, nikazipuuza. Kuna mwenzetu kazini ana tabia ya kutia chumvi. Siku hiyo akasema ripoti ya robo mwaka ni kazi ya dakika kumi. Nikamjibu, "Haya!" Kila anayejua Kiswahili anajua hiyo ilikuwa haya ya namna gani: ile ya kuvuta, nyusi zimepanda, yenye maana ya endelea kutudanganya. Muhtasari ukatoka kwamba nimekubali kuandaa ripoti ya robo mwaka. Mwingine alisema "tutaona", ikapanga siku ya kuonana. Tutaona, ndugu zangu, ni hapana ya kistaarabu. Nani asiyejua?

Nilicheka. Ripoti nikaiandaa, kwa sababu ilikuwa imeshaandikwa.

Sasa njoo kwenye usiku wenyewe. Bosi alifunga kikao kwa kusema, "Basi tukutane kesho saa tatu asubuhi, tafadhali msichelewe." Mtoto wa chekechea angeelewa. Msaidizi akasikia tatu, akaandika 3:00 asubuhi, akatuma mialiko kwa watu 11, na kwa kuwa aliambiwa msichelewe, akatega kengele ya dharura, ile inayolia hata simu ikiwa imenyamazishwa.

Hiyo 3:00 ya mashine, kwa sisi tunaohesabu saa tangu jua lichomoze, ni saa tisa usiku. Muda wa wanga na walinzi.

Simu ilipolia nilidhani kuna msiba. Nikapapasa gizani, nikaangusha glasi ya maji, nikasoma: "Kikao chako kimeanza. Unasubiriwa." Nikaizima huku nikitukana na kurudi kulala. Kosa langu lilikuwa kudhani kila mtu angefanya hivyo hivyo. Bosi wetu ni mtu wa kutii kalenda. Aliamka, akanawa uso, akavaa shati (nasema shati kwa sababu tuliliona baadaye kwenye rekodi, lilikuwa limepigwa pasi), akaingia kikaoni na kukaa humo peke yake dakika 22. Peke yake na msaidizi. Mtu na mashine, wanatazamana.

Na msaidizi, kwa uaminifu wake, akaandika muhtasari. Nimeuhifadhi:

"Waliohudhuria: 1. Hali ya kikao: tulivu. Mwenyekiti aliuliza watu wako wapi. Mwenyekiti alirudia swali hilo. Mwenyekiti aliomba kupewa subira. Jukumu hili halijapangiwa mtu. Kikao kilifungwa bila azimio."

Wote 11 tulikuwa tumeupokea kabla ya saa kumi. Na niseme ukweli, kwa kuandikwa ni muhtasari mzuri. Mfupi, hauna porojo, hakuna aliyesifiwa bure. Mimi mwenyewe katika miaka yote ya kazi hiyo sijawahi kuandika wa kuufikia. Lakini asubuhi yake, saa tatu, ile ya kweli, niliyesimama mbele ya bosi kujieleza ni mimi, si programu.

Nikaenda huduma kwa wateja. Huduma kwa wateja ni roboti nyingine, hii ina jina la kike na picha ya msichana anayetabasamu. Nikaandika kwa adabu: saa tatu asubuhi kwa Kiswahili ni 9:00 kwa saa za Kizungu.

"Uko sahihi kabisa! Asante kwa kunielimisha. Nimerekebisha kikao chako kiwe saa 9:00 usiku."

Si usiku. Asubuhi.

"Umesema vyema! Naelewa jinsi hali hii inavyochosha. Kikao chako sasa kitakuwa saa 3:00 asubuhi."

Tukazunguka hivyo kama ngamia wa kinu, yeye akiniomba radhi, mimi nikibonyeza herufi kwa nguvu zaidi kana kwamba angesikia. Ajabu ya viumbe hawa ni kwamba hawabishi. Ungekuwa unagombana na mtu, angalau angekujibu vibaya ukapata pa kushikia. Huyu anakukubalia kila neno kisha anafanya kilekile. Mwishowe nikamwandikia kama mwalimu wa darasa la pili: chukua saa ya Kiswahili, ongeza sita.

"Nimejifunza! Ongeza sita."

Nilifurahi, jamani. Nilitabasamu peke yangu. Sikujua kwamba somo lilikuwa limeingia mno. Aliongeza sita kwenye kila kitu kilichokuwa kwenye kalenda yangu, pamoja na miadi ya daktari wa meno niliyoiandika kwa mkono wangu, kwa tarakimu, 10:00. Ikawa 16:00. Nikafika saa kumi jioni kwa miadi ya saa nne asubuhi, nikaambiwa nipange upya. Jino halikupangwa upya. Ninaandika haya shavu likiwa limevimba upande mmoja, kwa hiyo ukiona maneno yamekuwa makali, lawama zigawanywe nusu kwa nusu kati ya jino na akili bandia.

Msichana anayetabasamu aliniahidi, bila kuombwa, kwamba nitarudishiwa malipo ya mwezi mzima. Baada ya siku kadhaa ikaja barua pepe, hii ya binadamu nadhani, maana ilikuwa na makosa ya tahajia na kiburi: ahadi za msaidizi wa mtandaoni haziifungi kampuni. Hapo ndipo nilipopandwa na mori. Hoja hiyo ilishajaribiwa! Air Canada walikuwa na roboti iliyomwambia abiria aliyefiwa na bibi yake kwamba anunue tiketi kwanza, punguzo la nauli ya msiba ataliomba baadaye. Haikuwa kweli. Alipodai haki yake, kampuni ikajitetea kana kwamba roboti ni mtu mzima anayejibebea makosa yake. Februari 2024 baraza la usuluhishi la British Columbia likaikatalia na kuiamuru ilipe, jumla yake dola za Kanada 812 na senti. Nimewatumia habari hiyo yote, nimepigia mstari pale pa kupigia.

Wamenijibu kwa roboti.

Ningeishia hapa ningekuwa nimesema nusu. Wiki moja baadaye timu yetu ilidai siku mbili za mapumziko baada ya mradi mrefu. Bosi akasema hakumbuki kuahidi kitu kama hicho. Nikafungua muhtasari, na humo, kwa herufi safi: "Mwenyekiti ameidhinisha siku mbili za mapumziko." Bosi akausoma mara mbili. Akakuna kichwa. "Basi nitakuwa nilisema," akasema. Tukapumzika! Usiku ule nilirudi kwenye ukurasa wa tathmini nikaipandisha hadi nyota tatu, na nikaandika kwamba labda nilikuwa mkali kupita kiasi, teknolojia mpya ina mambo yake, tuwape muda.

Siku ya pili ya mapumziko, kwa kukosa la kufanya, nikasikiliza rekodi ya kikao kile. Sauti ya mwenzetu inauliza kama tutapata siku mbili. Kisha sauti ya bosi, ikivuta: "Siku mbili za mapumziko? Haya!"

Unaijua haya hiyo. Nimeshakueleza.

Kwa hiyo bosi alikataa, mashine ikaandika amekubali, na yeye mwenyewe akaiamini mashine kuliko mdomo wake. Nisimcheke. Mwaka 1966 Joseph Weizenbaum wa MIT, chuo cha teknolojia cha Marekani, alitoa programu iitwayo ELIZA, iliyokuwa ikichukua maneno yako na kukurudishia kama swali, basi, hakuna zaidi. Katibu wake, aliyemwona akiitengeneza kwa miezi, alipoanza kuzungumza nayo alimwomba atoke chumbani wapate faragha. Huyo aliijua inavyofanya kazi. Bosi wangu ni nani asiamini kitu kilichopangwa kwa aya na vichwa vya habari?

Sijamwambia. Nyota tatu nimezirudisha mbili kwa kusutwa na dhamiri, na ya pili imezimika jana jino lilipoanza tena.

Na bado kengele ya usiku siyo inayonikera zaidi. Kinachonikera ni vikao vyenyewe. Watu wamejifunza kuongea na programu. Wanasogea kwenye kipaza sauti na kutamka, "Saa tatu, yaani tisa kamili, kabla ya mchana," kama wasomaji wa taarifa ya habari. Hakuna tena anayesema haya. Hakuna anayesema tutaona. Wanasema "sikubaliani", kavu, na wengine wananuna. Yule mtia chumvi siku hizi hatii chumvi, na sikuwahi kufikiri ningekuja kuikumbuka chumvi yake. Tuliambiwa itajifunza lugha yetu, mwezi haujaisha sisi ndio tumejifunza ya kwake.

Amebaki mmoja tu, mwenzetu anayekaribia kustaafu, tunamwita Mzee. Tulimwomba naye ataje saa kwa namna mbili. Akasema, "Saa tatu ni saa tatu. Kama haijaelewa, iulize."

Nikakaa kimya nikitafakari, kwa sababu hilo kweli sijawahi kuliona. Inaandika, inapanga, inaahidi, inaomba radhi, inajitukuza. Haiulizi. Nilipokuwa mimi ndiye mwandishi, nikisikia kitu kisichoeleweka niliinua kichwa nikasema, "Samahani bosi, hiyo haya ya kweli au ya utani?" Watu wakacheka, tukaendelea. Ilichukua sekunde tatu.

Siku hizi kila jioni nakaa na muhtasari wake nausahihisha mstari kwa mstari: hapa alikuwa anatania, hapa alikuwa anapiga chafya, hapa ongeza sita, hapa usiongeze. Inanichukua muda mrefu kuliko nilipokuwa nikiuandika mwenyewe. Mwaka 1770 Wolfgang von Kempelen aliwaonyesha watu wa kasri la Vienna mashine ya kucheza sataranji, imevishwa kilemba, inasogeza kete yenyewe, na watu wakastaajabu kwa miongo mingi. Ndani ya sanduku alikuwa amejikunja mchezaji hodari. Ya kwetu nayo ina mtu ndani. Yeye angalau walimwachia mshumaa. Mimi nalipia kila mwezi kwa kadi yangu.

Nilikuwa nimeanza kuandika kwamba huenda toleo lijalo likawa bora, kwa sababu tangazo jipya limekuja leo asubuhi na linasema sasa inaelewa hata hisia. Nimefuta. Nimeshika uamuzi: najitoa, kadi yangu naiondoa, kalamu yangu narudi nayo. Nimebonyeza pa kujitoa, wameniuliza mara nne kama nina uhakika, mara ya tano yule msichana akatabasamu na kuniandikia kwamba ombi langu limepokelewa na litashughulikiwa kesho saa tatu.

Nimetega kengele mbili.