Gatling na Maxim: bombomu mbili za vita vya ukoloni

Gatling, iliyopewa hataza Marekani mwaka 1862, ilikuwa na mitutu kadhaa iliyozungushwa kwa mkono. Risasi ikikwama, imenyamaza. Huko Ulundi, Afrika Kusini, Julai 1879, Waingereza walikuwa nazo mbili dhidi ya Wazulu, na zilikwama katikati ya mapigano.

Maxim ya 1884 ni balaa jingine kabisa. Mtutu ni mmoja tu, unapozwa kwa maji, na nguvu ya risasi inayotoka ndiyo inayopakia inayofuata. Mpigaji anabonyeza tu, risasi zaidi ya 500 kwa dakika. Wandebele waliionja Shangani, katika Zimbabwe ya leo, mwaka 1893.

Kwetu Tanzania, bombomu za Wajerumani zilizotokana na Maxim ndizo zilizoacha kovu. Tarehe 30 Agosti 1905, wapiganaji wa Maji Maji waliivamia boma ya Mahenge, wengi wakiamini maji ya dawa yangewakinga na risasi. Walikufa kwa mamia. Wazee wale hawakuwa wajinga. Walikabili chombo ambacho Gatling haikuwahi kukifikia. Hata hivyo, katika vita vile njaa, baada ya Wajerumani kuchoma mashamba na maghala, iliua wengi kuliko bombomu.