Baiskeli ya gia ya mtumba kwa mashindano ya kukimbia na baiskeli Mbeya: uzoefu wangu baada ya misimu miwili

Baiskeli yenyewe ni ya mtumba: fremu ya alumini, rimu za inchi 26, breki za raba, gia 21. Niliichukua sokoni Mwanjelwa kwa shilingi 280,000 na nimeshindana nayo misimu miwili ya mwisho wa kiangazi, Septemba na Oktoba, kwenye yale mashindano ya watu wa kawaida ambapo unakimbia, unapanda baiskeli, kisha unakimbia tena. Vipimo vifupi vinavyojulikana ni kilomita 5, 20 na 2.5. Vya kawaida ni 10, 40 na 5. Kwa vyote viwili inatosha kabisa, ila usiingie nayo mashindanoni kama ilivyotoka kwenye mtumba. Tenga kama shilingi 60,000 zaidi, na karibu zote ziishie kwenye breki, cheni na tairi.

Nianze na breki, kwa sababu hapa kwetu milima ni mingi na mchezo unaharibikia kwenye mteremko. Barabara ya Mbeya kwenda Chunya inapanda kutoka karibu mita 1,700 hadi zaidi ya 2,400, na ukigeuzia juu unarudi mjini kwa mteremko mrefu wenye kona. Raba za breki za mtumba zimekaa miaka, zimekauka, na uso wake unang'aa kama kigae. Ukizibonyeza kwa ukucha, ukucha hauingii. Raba ya namna hiyo inabana lakini haishiki. Badilisha zote nne, hata kama muuzaji anakuhakikishia kwamba bado zina unene.

Raba mpya nazo zinataka kukaguliwa kila baada ya mazoezi. Igeuze kwenye mwanga: utaona vipande vidogo vya alumini vinametameta, vimejichoma kwenye raba pamoja na chembe za mchanga. Ndivyo vinavyotoa ule mlio wa kukwaruza, na ndivyo vinavyokula rimu. Vichokoe kwa sindano kimoja kimoja, halafu sugua uso wa raba kwa msasa mpaka mng'aro upotee. Kazi ya dakika kumi.

Wakati wa kufunga, raba ikae yote juu ya ukuta wa rimu, milimita 1 au 2 chini ya tairi. Ikigusa tairi italila ubavuni mpaka tyubu ichungulie, na hapo kupasuka ni suala la muda tu. Ncha ya mbele itangulie kidogo kugusa rimu, ya nyuma iachwe na nafasi ya kama milimita 1, la sivyo breki italia. Kabla hata ya kununua, pitisha kidole kwenye ukuta wa rimu. Ukisikia umebonyea kama kijiko kilivyo kwa ndani, rimu imelika, iache. Na ukishuka usibane breki mfululizo kutoka juu hadi chini, maana rimu inapata moto, raba zinaanza kuteleza, na tyubu inaweza kupasuka. Bana zote mbili kwa nguvu kabla ya kona, kisha achia, rimu ipoe.

Cheni ipime kwa rula. Hesabu pingili 12 kamili (ya ndani na ya nje pamoja ni moja), pini hadi pini: cheni mpya ni sentimita 30.5. Ikifika 30.6, nunua nyingine. Ikifika 30.8, meno ya gia za nyuma yameshalika nayo, kwa hiyo ukiweka cheni mpya peke yake itaruka kila ukikanyaga kwa nguvu mlimani. Wengi huilaumu cheni mpya wakati kosa liko kwenye friwili ya zamani, yaani hizo gia za nyuma. Zibadilishe pamoja.

Kuhusu mafuta sikubaliani na mafundi wengi wa barabarani. Oili nzito ya injini inakamata vumbi la Oktoba, na ikichanganyika nalo inakuwa msasa unaosaga cheni. Mafuta ya cherehani ni bora: tone moja kila pingili, zungusha pedali dakika moja, kisha futa nje kwa kitambaa mpaka cheni ikauke mkononi. Hayadumu, ni kweli. Rudia kila ukitoka.

Kwa lami toa tairi za meno, weka laini za inchi 1.5. Mtu wa kilo 65 hadi 70 apige upepo wa psi 50 hadi 60. Kwa changarawe bakiza za meno, psi 35 hivi. Kagua vali pia. Baiskeli nyingi za mtumba zina vali nyembamba ambayo pampu za kwenye bodaboda haziishiki, kwa hiyo nunua kile kiunganishi kidogo cha shaba, kikae mfukoni daima. Ukipata pancha ya mbigili, papasa ndani ya tairi kabla ya kurudisha tyubu. Mwiba huwa umebaki humo, unangoja tyubu ya pili.

Udhaifu wake mkubwa ni tambarare. Gia nzito yangu ni meno 42 mbele na 14 nyuma. Ukikanyaga mizunguko 90 kwa dakika, unapata karibu kilomita 32 kwa saa, na hapo ndipo mwisho wake. Wenye baiskeli nyembamba za lami watakuacha, usijichoshe kuwafukuza. Mlimani, kwa meno 24 mbele na 28 nyuma, utawakuta.

Pedali nimeziwekea mikanda ya mguu badala ya viatu maalumu vinavyojifunga kwenye pedali. Raba za kukimbilia ni hizo hizo mwanzo hadi mwisho, na kwa mbio fupi hiyo ni faida kubwa. Legeza mikanda na uhamie gia nyepesi mita 200 kabla ya kushuka kwenye baiskeli, vinginevyo miguu itakuwa mizito kilomita nzima ya kwanza.

Funga vishikio viwili vya chupa. Mashindano mengine meza za maji zipo kwenye mbio za miguu tu. Lita 1 ya maji, vijiko vya chai 6 vya sukari na nusu kijiko cha chumvi inanitosha saa moja na nusu, pamoja na kashata mbili.

Msimu ukiisha, fungua ekseli zote mbili, osha beringi kwa mafuta ya taa na utie grisi mpya kabla mvua za Novemba hazijaanza.