Nyumba ya bati Mtwara: uzibe dari au uache paa lipumue?

Saa nane mchana mwezi wa Novemba, mvua bado hazijakolea, chumba cha bati pale Shangani hakikaliki. Mafundi watakupa njia mbili, na kila mmoja ataapa kwa yake.

Wa kwanza anaziba. Kinachozibwa ni mianya ya dari: matundu ya taa, zinapopita nyaya, mfuniko wa kupandia juu, na pale dari inapokutana na ukuta. Silikoni na jipsamu kidogo vinatosha. Mwenye kiyoyozi ataona tofauti, maana ubaridi hauvuji, mashine inapumzika na luku haikimbii. Hata vumbi na harufu ya popo hubaki hukohuko juu. Ila mwenye feni asitarajie miujiza. Bati likishapata moto huipasha dari, nayo dari hukurushia joto kichwani hata isipokuwa na tundu.

Wa pili anaacha nafasi kwenye upenu na nyingine chini ya kofia ya paa, zote zikiwa na wavu. Hewa ya moto hupanda ikatoka, nyingine ikaingia kwa chini. Kusi ikianza kuvuma, kazi inakuwa nyepesi zaidi. Kwa nyumba ya feni, mimi nachagua hii bila kusita.

Mwenye kiyoyozi afanye zote mbili. Ninachokiona sana mitaani ni kinyume: upenu umezibwa kwa saruji, dari ina matundu kama chujio.