Fomula iliyonifanya nimuuze nahodha wangu

Miezi michache nyuma nilinunua jedwali la kupimia wachezaji wa Football Manager, ile gemu ya kompyuta ya kuwa kocha wa timu ya mpira, shilingi elfu kumi na tano, kwa kijana mmoja anayeliuza kwa simu. Unatoa orodha ya wachezaji kwenye gemu, unaibandika humo, kila mmoja anapata alama kati ya mia. Hasira bado haijaniisha, kwa hiyo mnivumilie.

Nilikuwa League Two, daraja la nne la Uingereza, nafasi ya 4, ndani kabisa ya mchujo wa kupanda daraja. Nahodha wangu, beki wa kati wa miaka 33, jedwali likampa 51. Kasi 8, mchapuko (kuchomoka haraka) 7, na fomula hii inapenda mbio kuliko kitu chochote. Lakini kusoma mchezo alikuwa na 16 kati ya 20, kujipanga 16, uongozi 18. Uongozi haukuhesabiwa kabisa! Halafu kuna beki mmoja wa Ubelgiji kwenye orodha, akapata 74. Nikamuuza mzee, nikamleta huyo.

Aliposaini namba zake halisi zikafunguka, nikakuta ni 55. Nilikesha natafuta kosa. Kumbe ni hivi: mchezaji ambaye skauti wako, yule msaka vipaji, hajamjua vizuri, gemu haikupi namba moja, inakupa kuanzia na kuishia, mathalani 8 hadi 16. Jedwali lilikuwa linachukua ile ya juu. Kwa kila sifa! Maana yake mtu usiyemjua kabisa ndiye anayeonekana bora kuliko wote, na mabeki wako unaowajua mpaka kucha wanaonekana takataka.

Chumba cha kubadilishia nguo kikachafuka. Wachezaji wanne walikuja ofisini kulalamikia kuuzwa kwa nahodha, na kufika Krismasi tulikuwa nafasi ya 15.

Nikamwandikia muuzaji kwa adabu, nikamweleza kosa lilipo, hata mstari wenyewe nikamwonyesha. Jibu: "Dogo, fomula haikosei. Jifunze mpira kwanza." Dogo! Mimi nimeanza gemu hizi zikiitwa Championship Manager, na nina mtoto yuko sekondari. Hela hata sikuidai, nilitaka arekebishe tu wengine wasiumie.

Sasa haki isemwe. Jedwali hilohilo lilinionyesha winga aliyekuwa anaozea timu ya akiba. Mguso wa kwanza 7, pasi 8, mimi nisingemtazama mara mbili. Ila kasi 16, mchapuko 17, likampa 78. Nikamjaribu kwa shingo upande, akafunga mabao 14. Kwa wachezaji wako mwenyewe, ambao namba zao zote ziko wazi, fomula inaona kitu ambacho jicho linakiruka, hasa mbio. Nilikuja hapa kuandika "msinunue", lakini kwa winga yule siwezi kusema ni wizi. Nyota tatu, labda.

Tatizo nakumbuka ile mechi ya marudiano. Nahodha alirudi uwanjani kwetu na jezi ya wapinzani, dakika ya 88, kona, akapanda juu ya yule beki wangu wa 74 na kutufunga kwa kichwa. Tukaukosa mchujo kwa pointi mbili.

Nyota moja. Na huyo kijana aombe radhi.