Nzi Sitini Kwenye Boksi, Watatu Ndio Wanaovua

Mimi ni fundi cherehani, Ngamiani, Tanga, kwa hiyo kitu cha kwanza nilichokagua ni uzi. Boksi la nzi wa kuvulia samaki lilipofika nilimtoa mmoja, nikamweka chini ya taa ya cherehani na kumfumua kwa wembe polepole nione kafungwaje. Uzi mwembamba kuliko wa ovaloki, mizunguko imelala sambamba bila kupandana, mwisho wake umefichwa huuoni. Aliyefunga ana mkono. Kosa halikuwa kwenye ushonaji. Kosa ni kwamba nilikuwa nimenunua suti ya mtu mwingine.

Fimbo niliipata kwa shemeji yangu, aliyekuwa akifanya kazi kwenye boti ya kupeleka wageni kuvua. Mgeni mmoja alimwachia: fimbo ya namba 8 na mshipi wake mnene wa kijani. Kwa wasioujua uvuvi huu, kwenye mshipi wetu wa kawaida chambo kinakwenda mbali kwa sababu ya chubwi, ile risasi ya kuzamishia. Huku ni kinyume. Nzi hana uzito wa maana, mshipi wenyewe ndio mzito. Unaupeperusha hewani nyuma na mbele mpaka unyooke, na nzi anafuata. Na hilo "nzi" ni jina tu. Ni ndoana iliyofungwa manyoya, nywele au nyuzi ifanane na kitu anachokula samaki. Wengi wa baharini hawafanani na nzi hata kidogo, ni dagaa, uduvi, kaa.

Mimi hayo sikuyajua. Niliingia mtandaoni, nikaona seti imeandikwa ya wanaoanza, nzi 60, boksi bure. Pamoja na usafiri ilinitoka laki moja na elfu arobaini, ikakaa njiani wiki tano. Picha ya tangazo ilionyesha mzee kavaa buti ndefu kasimama kwenye kijito chenye mawe, nyuma yake misonobari. Hapo tu ningejiuliza.

Zaidi ya arobaini kati ya wale sitini walikuwa wa trauti, samaki wa mito ya baridi. Wameigwa wale wadudu wanaokulia chini ya mawe ya mtoni kisha wakapanda juu kuruka siku moja mbili na kufa. Bahari haina mdudu huyo. Wapo wa kuelea, wepesi kama unyoya wa kifaranga, na wapo wa kuzama kidogo. Namba za ndoana zao ni 12, 14, 16, mpaka 18. Niliposoma 16 nikafikiri ni kubwa kuliko 8, kama viatu. Sivyo. Namba ikishuka ndoana inakua, mpaka ufike 1. Baada ya hapo wanaandika 1/0, 2/0, 3/0, na hizo ndizo zinazokua namba ikipanda. Ndoana ya 16 ukiitazama ni ya kuvulia samaki wa kwenye chupa.

Siku ya kwanza nilishuka Raskazone alfajiri, umande unavuma kutoka bara, maji yanajaa. Nikamfunga mmoja wa kuelea, mzuri, mabawa yamesimama. Kiwimbi cha kwanza kikammeza. Nikambadilisha mara sita. Walionijia ni chuchunge, wanamfuata na midomo yao kama sindano, wanamgonga, hawanasi. Siku ya tatu samaki mmoja nisiyemwona akamchukua nzi wa namba 10 na kwenda naye. Mshipi haukukatika. Nilipouvuta, ndoana ilikuwa imenyooka, pini kamili, ungeweza kubania pindo la gauni.

Halafu kutu. Nilimrudisha nzi mbichi kwenye boksi bila kumsuuza kwa maji yasiyo na chumvi, na asubuhi ya pili yake ndoana zilikuwa kahawia, doa limepanda mpaka kwenye manyoya meupe ya jirani. Ndoana za mtoni hazikuandaliwa kwa chumvi. Za baharini ni za chuma kisichoshika kutu au zimepakwa madini, na hilo muuzaji hakuliandika popote. Nilimwandikia. Akanijibu kwa heshima kwamba seti ni "ya matumizi yote".

Nikawa nakaa Sahare jioni najifunza kurusha kwenye mchanga, watoto wananicheka. Mzee mmoja wa pale, mvuvi wa ngalawa, akaniita.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba. Hebu niletee hilo sanduku lako la dawa."

Akalifungua na kupitisha kidole juu ya mistari yote bila kusema neno. "Hawa ni mapambo," akasema. Akawaruka wote mpaka kona ya chini, walipokuwa wanne wenye vijicho vya risasi, nywele nyeupe na kijani. Akamchukua mmoja, akamrusharusha kiganjani kama mtu anayepima hereni ya dhahabu.

"Huyu ana chubwi kichwani. Anazama upesi gani?"

Sikujua. Akachota maji ya bahari kwenye ndoo, akamtumbukiza, na sote wawili tukainama tukihesabu. Moja tu, kagonga chini. Akampindua kwa kidole. "Tena ona, amelala ndoana juu. Huyu hatanasa kwenye nyasi. Wewe hukujua unaye huyu?"

Nilikuwa naye wiki sita.

Jina lake ni Clouser Minnow. Bob Clouser wa Pennsylvania, Marekani, alimtengeneza miaka ya 1980 kwa ajili ya samaki wa mto Susquehanna. Kwa hiyo naye ni wa mtoni, sikatai, lakini ameenea bahari zote, na sababu ni yale macho. Yamefungwa upande wa juu wa shina la ndoana, karibu na tundu la mshipi. Uzito unampindua, ncha inatazama juu. Ukivuta anapanda, ukiacha anatumbukia kichwa kwanza, kama dagaa aliyepigwa akapoteza mwelekeo. Nilivyomwelewa mimi, kinachochaguliwa hapo kwanza ni uzito wa macho, rangi inakuja baadaye. Maji ya magoti, macho ya shanga nyepesi. Ukingo wa mwamba ambapo maji yanageuka buluu, risasi nzito. Nilipoteza pesa nyingine kuagiza Clouser wa rangi tano, wote uzito mmoja. Ningeagiza rangi moja, uzito wa aina tatu. Kwenye bamvua, maji ya Tanga yanapanda na kushuka zaidi ya mita tatu. Unaposimama saa mbili asubuhi si bahari ile ile ya saa nne, na nzi mmoja hawezi zote mbili.

Nzi wa pili anayefaa babu alikuwa naye mwenyewe, ila yeye hamwiti nzi. Akatoa kwenye kopo lake ndoana kubwa yenye nyuzi ndefu nyeupe zilizochambuliwa kwenye mfuko wa salfeti. Anaiburuta nyuma ya ngalawa kuvua nguru, na baba yake alitumia manyoya ya jogoo kabla mifuko hiyo haijaja. Nilipomwona nzi aitwaye Deceiver, wa Lefty Kreh, yule Mmarekani wa Maryland aliyemfunga mwishoni mwa miaka ya 1950, nikacheka peke yangu dukani. Hata stempu ya posta Marekani walimtolea, mwaka 1991. Manyoya marefu yamefungwa nyuma kabisa ya shina, ndiyo ujanja wenyewe, yasijizungushe kwenye pindo la ndoana ukirusha. Hana uzito, anaogelea juu juu, umbo la samaki mpana. Huyu ni wa kolekole na mzia. Ukiwa na mzia weka kipande cha waya mbele, nailoni anaikata kama mkasi.

Wa tatu ni mdogo, wa uduvi, ukoo wa Crazy Charlie waliyemfunga Bahamas. Anafaa kwenye mchanga wenye maji mafupi, Mwambani kwa mfano, maji yanapoanza kupanda na changu wadogo wanakuja kuchokoachokoa. Rangi ya mchanga, basi.

Mkizi msijisumbue naye. Nilimrushia wiki nzima kwa sababu anarukaruka mbele ya macho yako. Methali inasema hasira za mkizi furaha ya mvuvi, lakini huyo ni wa kuingia mwenyewe ngalawani. Chakula chake ni uchafu wa tope na utando wa mwani kwenye mawe, nzi hamhusu.

Kuhusu rangi sina mengi. Maji meupe, nyeupe na kijani. Wakati wa masika mto Sigi unapomwaga tope upande wa Amboni, nzi mweusi ndiye anayeonekana, kivuli tupu. Samaki wa chini anatazama juu kwenye mwanga.

Sasa nawafunga mwenyewe. Uzi ni wa poliesta, ule ule wa suruali. Nywele ni za mkia wa mbuzi mweupe kutoka bucha, nimezifua kwa sabuni na kuzianika. Za Marekani ni za mkia wa paa wa kwao. Manyoya ni ya jogoo wa jirani, kwa ruhusa. Macho mepesi nayakata kwenye ule mnyororo wa vishanga wa kizibo cha sinki, upo maduka ya vifaa vya ujenzi. Juu ya fundo napaka rangi ya kucha isiyo na rangi, na mke wangu ameshaficha chupa nyingine. Pamba na sufu usitumie, zinanyonya maji na kukulemea unaporusha. Salfeti hainyonyi, ukiitikisa mara moja imekauka. Ghali ni ndoana tu. Na ule mwiba wa nyuma ya ncha ubane kwa koleo kabla hujaenda popote. Mimi nilibana baada ya upepo wa matlai kunipigia Clouser sikioni, daktari akacheka mpaka akaweka mkasi chini.

Kabla hujashuka ulizia kibali pia, sehemu kubwa ya maji haya mpaka karibu na Pangani imo ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Silikanti, tangu 2009.

Kolekole wangu wa kwanza alikuwa wa viganja viwili, Clouser wa mkia wa mbuzi, macho ya sinki. Alinichukua pale nzi alipokuwa anaanguka, sikuwa hata navuta. Nilimpelekea babu. Akamgeuza, akamtoa nzi mdomoni, akamtazama kwanza nzi.

"Uzi wa suruali huu?"

Nikamwambia ndiyo.

"Zungusha zaidi hapa shingoni. Huyu mkubwa atakuvua."

Seti naipa nyota mbili kati ya tano. Moja ni ya wale Clouser wanne, mmoja wao bado ninaye. Ya pili ni ya boksi lenyewe: halipitishi maji, limebana vizuri, na mistari yake ya sponji inashika sindano za namba zote. Liko mezani kwangu karibu na cherehani. Nzi wa trauti niliwatoa, mteja mmoja akanunua wawili wenye mabawa ya samawati nikamshonea kwenye kofia.