Vitambaa vya makochi kwa fundi wa Mwanga: mtu kapendeza, nguzo zimeliwa

Nilipeleka kazi kwa fundi mmoja wa darizi hapa Mwanga, Kigoma. Vitambaa sita vya makochi, kitambaa changu, uzi wake, shilingi 8,000 kwa kimoja. Sikutaka maua. Nilimpa picha niliyochapisha stationari, ya kipande cha nguo ya Wakristo wa Misri, Wakopti, chenye zaidi ya miaka 1,300: mtu kasimama kati ya nguzo mbili, juu yake tao.

"Mwalimu, huyu mbona kakodoa macho hivi? Kaona nini?"

Nikamwambia ndivyo walivyowafuma. Maana ile haikuwa darizi: sufu ya rangi ilipitishwa kama mshindio, yaani uzi wa kukingama, kwenye mtande, zile nyuzi za urefu, wa kitani, sura ikatoka humo humo. Mikunjo ya nguo na mistari ya uso waliichora kwa uzi mweupe mwembamba juu ya zambarau iliyokoza. Kijana akanyamaza, akaanza kuchambua mabunda yake ya uzi.

Macho kayapata, sina ubishi. Duara jeupe, nukta nyeusi iliyosogea pembeni, kama vile mtu anamwangalia mgeni kwa chati. Nyuma uzi umekatwa safi, hakuna vishungi. Nimefua mara tatu kwa sabuni ya mche, rangi haijachuja.

Shida nguzo. Vitambaa viwili vya kwanza zimo, hadi vichwa vyake vya majani. Cha tatu na cha nne zimebaki mistari tu. Cha tano na cha sita hazipo kabisa. Tao linaelea kama mwavuli usio na mpini. Kumuuliza, ananijibu: "Nguzo zinakula uzi mwalimu, na anayeonekana ni mtu." Haya! Nguo hizi zilipofukuliwa kwenye makaburi ya Akhmim, mji wa Misri, karne ya 19, baada ya kutunzwa na mchanga mkavu, wauzaji walikata mapambo kwa mkasi na kutupa kitani kilichobaki. Fundi wangu kaendeleza mkasi ule ule. Pasipo nguzo, yule bwana hajasimama tena kwenye nyumba ya heshima, anasubiri bajaji.

Kakubali kurudia hivyo viwili bure, ila uzi ninunue mimi. Na zile siku nne alizoahidi zilikuwa kumi na moja. Ukienda, mpe uzi wa nguzo mkononi kabisa, na nusu ya hela ibaki mfukoni mwako.