Kifurushi cha kuruka msimu, Kisumu: kipimo nimelipia, kifurushi nimekikataa

Naanza na bei. Kipimo cha magoti na nyonga ni shilingi 1,500. Kifurushi kizima, ambacho pale kaunta wanakiita "kulinda kipaji", ni shilingi 18,000 kwa muhula, na nusu yake unatuma kwa M-Pesa siku ya kujiandikisha. Kituo chenyewe ni fizio na jimu pamoja, ghorofa ya pili, katikati ya mji wa Kisumu. Jina naliacha. Mji wetu ni mdogo, na nusu ya jezi zinazoning'inia pale jimu zimepita kwenye cherehani yangu.

Kifurushi kinafanya kazi hivi: kijana anaacha kucheza mpira wa shule muhula wote wa pili, anakuja jimu mara tatu kwa wiki, anainua vyuma, anapimwa mwanzo na mwisho, kisha msimu unaofuata anarudi uwanjani "goti likiwa jipya". Maneno ya goti jipya ni ya kijana wa kaunta. Fizio mwenyewe ni mtu wa maneno machache, na nitamfikia.

Aliyenipeleka ni mtoto wa kaka yangu, ambaye naishi naye. Yuko kidato cha tatu, winga wa kulia. Mwaka jana mwenzake wa timu alikata kano ya goti kwenye mechi ya kaunti ndogo. Hakuguswa na mtu. Aligeuka tu kuufuata mpira, tukasikia yowe. Tulichanga, akapasuliwa, na hadi leo anatazama mazoezi akiwa ameketi kando ya uwanja. Kwa hiyo sikumcheka huyu wangu aliponiambia, "Aunti, nataka kupumzika huu msimu. Hata Marekani wanafanya." Ukutani pale kituoni wamebandika picha za Wamarekani wenyewe, wale wa mpira wa kofia ngumu na mabega ya plastiki, na chini yake wameandika kwamba walikataa kucheza na leo ni mamilionea.

Nilitaka kujua kama ni kweli, nikakesha na simu. Ni kweli, ila bango limekata hadithi katikati.

Christian McCaffrey na Leonard Fournette walikataa kucheza mechi ya mwisho ya chuo Desemba 2016, na miezi michache baadaye wote wawili wakachukuliwa mapema na timu za NFL, ligi yao ya kulipwa, katika uteuzi wa kila mwaka ambamo timu huchagua vijana kwa zamu, Fournette akiwa wa nne na McCaffrey wa nane. Hiyo ilikuwa mechi moja tu. Waliokaa nje msimu mzima, kama Ja'Marr Chase na Micah Parsons, walifanya hivyo mwaka 2020, mwaka wa korona. Chase akachaguliwa wa tano mwaka uliofuata. Na woga wao una sababu. Jaylon Smith wa chuo cha Notre Dame alikuwa anatajwa miongoni mwa watano wa kwanza, akaumia goti vibaya tarehe 1 Januari 2016 katika mechi ambayo wengi wangesema angeiacha, akaporomoka hadi nafasi ya 34. Marcus Lattimore wa South Carolina aliumia goti moja 2011, la pili 2012, na ingawa timu ya San Francisco ilimchukua, alistaafu 2014 bila kucheza hata mechi moja ya NFL.

Sasa yule ambaye bango halimtaji. Jadeveon Clowney alicheza chuo kimoja na Lattimore. Mwanzoni mwa 2013 watu wengi kwenye magazeti na runinga kule walisema akae nje msimu mzima asubiri tu kuchaguliwa, kwa kuwa kila mtu alishajua atachukuliwa juu kabisa. Akakataa, akacheza. Mwaka 2014 Houston Texans wakamchagua wa kwanza katika orodha nzima. Mechi yake ya kwanza kabisa ya kulipwa, goti likaumia, na kabla mwaka haujaisha akapasuliwa.

Mimi ni mshonaji, lakini hesabu naijua. Kule kijana lazima amalize miaka mitatu tangu atoke sekondari ndipo NFL impokee. Maurice Clarett aliipeleka sheria hiyo mahakamani, akashindwa 2004. Na miaka yote hiyo ya chuo, wakati wa kina Clowney, hakuwa analipwa mshahara. Maana yake, kijana ambaye tayari ameonekana na kila timu, ambaye jina lake liko kwenye orodha, anasubiri tarehe tu. Akikaa nje, foleni inamngoja. Mpira aliouacha enzi hizo haukuwa unamlipa, na goti analolilinda limeshapewa bei.

Huyu wangu nani amempa bei? Mpira wa miguu wa shule unachezwa muhula wa pili, kuanzia zoni, kaunti ndogo, kaunti, hadi kanda ya Nyanza, kisha taifa, na anayebahatika anafika Afrika Mashariki. Makocha wa klabu wanakuja kutazama huko juu, wakiwa na daftari. Ukikosa muhula wa pili wa kidato cha tatu, umebaki na mmoja tu, tena wa mwaka wa mtihani. Hatuna siku ya kuchagua vijana kwa zamu wala orodha inayotunza jina lako. Kuna mwalimu wa michezo, na kuna kijana mwingine wa winga ya kulia ambaye hajapumzika.

Haya nilimwambia kijana wa kaunta, kwa adabu. Akanijibu kwamba mwili ukipumzika unajijenga. Hapo ndipo fizio alipotoka chumbani kwake, akasikia, akatingisha kichwa.

Huyu bwana ndiye sababu ya nyota nilizotoa. Alimweka mtoto juu ya stuli fupi, akamwambia ashuke na atue kwa miguu miwili, huku yeye amechuchumaa mbele yake. Kisha mguu mmoja. Goti la kushoto lilitua limenyooka juu ya vidole. La kulia kila likitua liliingia ndani, likaelekea kumgusa mwenzake. Akamrudisha juu, akanionyesha kwa kidole: "Mama, ona hapa. Hii ndiyo inayokata kano." Alimpima pia msuli wa nyuma ya paja, na nguvu ya nyonga kwa kumsukuma mguu pembeni. Nusu saa nzima, hakuangalia simu hata mara moja. Cheti cha baraza la wataalamu wa fizio kimebandikwa juu ya meza yake.

Nikamuuliza waziwazi kama angemtoa mtoto wake mwenyewe kwenye msimu. Akasema hapana, kama hana jeraha. Akanieleza jambo ambalo nililihakikisha baadaye: mwaka 2011 wamiliki wa NFL waligombana na wachezaji juu ya mkataba, milango ya klabu ikafungwa kuanzia Machi hadi Julai. Walipofungua na watu wakaingia kambini ghafla, katika siku 12 za kwanza wachezaji 10 walikatika kano ya kisigino. Kupumzika kulikuwepo tele. Kilichokosekana ni miguu iliyozoea kukimbia na kugeuka. Jimu inakuza paja, sawa, lakini kugeuka kwa kasi mbele ya beki kwenye nyasi zenye mashimo hakufundishwi na mashine.

Alichompa badala ya kifurushi ni karatasi ya FIFA 11+, ile ratiba ya kupasha misuli inayopatikana bure kwenye mtandao, na ambayo kusema kweli ndiyo bidhaa bora niliyotoka nayo pale. Ni dakika 20 kabla ya mazoezi, angalau mara mbili kwa wiki: 8 za kukimbia polepole, 10 za nguvu na kusimama kwa mguu mmoja, 2 za kukimbia kwa kasi na kugeuka. Zoezi linalowatesa ni la paja la nyuma. Kijana anapiga magoti, mwenzake anamshika vifundo vya miguu, halafu anajilaza mbele polepole mwili ukiwa umenyooka, bila kukunja kiuno, hadi ashindwe ajidake kwa mikono. Kwa anayeanza, mara 3 hadi 5 zinatosha. Siku ya kwanza nilisimama nyuma ya goli nikitazama timu nzima ikilaani. Nahodha, mwenye mapaja ya kujivunia, hakufika hata nusu ya njia.

Je, inasaidia? Norway waliijaribu kwa karibu wasichana 1,900 wa umri wa miaka 13 hadi 17, na majeraha yakapungua kwa kama theluthi. Kwangu uzito zaidi uko kwenye ule utafiti wa Lagos uliochapishwa 2014, kwa sababu viwanja vya huko navielewa: wavulana 416 wa ligi ya vijana, na waliofanya 11+ walipata majeraha pungufu kwa asilimia 41. Haimaanishi hakuna atakayeumia. Ila ni bure, na msimu unachezwa.

Haki itendeke kwa kituo: wapo wanaopaswa kupumzika kweli. Kwenye benchi la kungojea tulikaa na mvulana wa miaka 14 mwenye uvimbe mgumu chini ya kifuu cha goti, pale kano inaposhika mfupa wa ugoko. Fizio aliuita Osgood-Schlatter, akamweleza mama yake kwamba mfupa bado unakua na unavutwa, apunguze mpira mpaka maumivu yatulie. Mama alitaka kununua kifurushi cha 18,000 palepale. Fizio akamwambia barafu na kupunguza mechi havihitaji pesa hizo. Kijana wa kaunta alikuwa anasikia yote. Sijui wawili hao wanakula vipi chakula cha mchana meza moja. Na aliyeshapasuliwa kano, kama yule mwenzake wa mtoto wangu, asiharakishwe kabla ya miezi tisa hata shule ikiingia fainali.

Kwa hiyo fizio nyota tano, kaunta moja, na bango wangelitoa. Kipimo kilipeni bila kusita, hasa kama mtoto anatua goti likiingia ndani na ninyi hamjui. Risiti utaiomba mara mbili. Jimu yenyewe ni safi, feni inafanya kazi, mashine mbili kati ya zile za miguu zimefungwa kamba ya "haitumiki".

Mtoto alianza mechi ya zoni Ijumaa iliyopita, dakika 70, akatolewa kwa uchovu na kwa kubishana na mshika kibendera.

Jumamosi kuna foleni hadi kwenye ngazi, nendeni Jumanne asubuhi. Bebeni kaptura. Wangu alienda na jinzi, akapewa ya kuazima yenye mpira wa kiuno uliolegea, akapimwa akiwa ameishika kwa mkono mmoja. Nimewaachia namba yangu, dazeni moja nitawashonea kwa bei ya jirani.